Chaki Kwenye Gauni la Mama

Kitinda alipopuliza vumbi la chaki kwa mdomo, alijua amekosea kabla hata pumzi haijamtoka yote. Tone la mate, dogo kama kichwa cha pini, liliruka likatua katikati ya mbingu aliyoihangaikia tangu mchana, na pale lilipotua, ule ubuluu laini ukageuka doa zito kama jicho la samaki. Akachukua pamba akalisugua. Likatanuka. Akachukua raba akalifuta. Karatasi ikaanza kutoa manyoya.

"Haya," aliiambia karatasi, "na wewe nuna."

Kazi hii hakuiomba. Baba yao alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini, na watoto wake watatu walikutana nyumbani kwa Kaka kupanga cha kumfanyia. Kaka, ambaye hata akiwa amelala huwa anaongoza kikao, alisema hataki zawadi ya kununua dukani. Alitaka kitabu cha picha, albamu yenye maisha ndani yake, picha zibandikwe kwenye karatasi nzuri, zipambwe, kila ukurasa uwe na habari yake. Dada akaitikia. Kisha wote wawili wakageuza shingo kwa pamoja.

"Wewe ndiye mwenye mikono," Kaka alisema.

Kitinda alikuwa mpambaji kwenye saluni. Mabibi harusi walikuja kwake na nyuso zilizovimba kwa kukosa usingizi, wakaondoka wanang'aa. Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Kwa kuwa alikuwa kitindamimba, nyumbani walimwita Kitinda, na hata sasa alipokuwa na mume na mtoto wa kwake wa sekondari, sifa alizopewa na wakubwa zake zilikuwa za aina ile ile: sifa ambayo ukiigeuza chini yake unakuta mzigo.

"Na Baba asijue," Kaka akaongeza, kidole juu. "Asiulizwe kitu. Iwe ghafla."

Habari ya chaki aliipata kwa mteja wake, mwalimu wa sanaa, siku moja alipokuwa akimpaka. Rangi za maji, alimwambia, zitaikunja karatasi, na kalamu za rangi zitafanya kitabu kionekane cha chekechea. "Chukua chaki laini," alisema akiwa amefumba macho, kope moja imepakwa na nyingine bado. "Ni kama hizi poda zako. Unakwangua kidogo kwa wembe, unachovya pamba, unasugua kutoka ukingoni kuja ndani. Ukitaka picha ionekane imeinuka, weka kivuli chini yake. Ukikosea, unafuta."

Ukikosea, unafuta. Maneno hayo Kitinda alikuja kuyalaani.

Kwani ngozi ni ngozi na karatasi ni karatasi. Ngozi ina joto lake na mafuta yake, inaipokea poda kama mgeni aliyekuwa akisubiriwa. Karatasi inapokea inachotaka. Mahali alipoishika kwa kidole, jasho lilibaki, na chaki ikang'ang'ania pale pale ikachora alama ya dole gumba. Ukingo uliokatwa kwa mkasi uliikataa rangi, ule uliochanwa kwa mkono uliinywa kupita kiasi. Pangaboi likiwashwa, wekundu wa ukurasa huu ulihamia ukurasa ule. Likizimwa, jasho lilimdondoka puani. Mume wake alipita nyuma yake akapiga chafya, akauliza kama shule imehamia sebuleni, akatazamwa kwa jicho moja tu akaenda zake.

Kisha kulikuwa na suala la kuifanya rangi itulie, maana chaki isiyotulizwa inamfuata kila anayeigusa. Akakumbuka dawa ya kupuliza nywele. Alisimama mbali na karatasi, akapuliza kama anavyopuliza nywele za bibi harusi, akangoja. Rangi zikatulia, tena zikatulia kwelikweli: njano ikawa kahawia, waridi likawa kama kidonda kinachopona, na pembeni yakatokea matone yenye pete, kama mtu amesahau glasi ya maji juu ya meza.

Si kwamba hakuna kilichotoka. Ukurasa wa lori ulitoka. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na kulikuwa na picha yake akiwa kijana, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, miwani ya jua, kifua mbele kama yeye ndiye aliyelizaa lile gari. Kitinda alichana karatasi ya kaki ikawa barabara, akasugua kingo zake kwa rangi ya kutu na kuchovya nyeusi kidogo chini ya matairi. Alipoinua uso, lori lilikuwa limesimama juu ya ukurasa kama linaloweza kuondoka. Alijipa hongera mwenyewe kwa sauti. Basi uwezo alikuwa nao, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Tabu yenyewe ilianza kwa picha ya Mama.

Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anatambaa. Kaka wakati huo alikuwa na miaka kumi, Dada alikuwa wa kung'oka meno ya mbele. Picha nzuri ya marehemu ilikuwa moja tu, ya nyeusi na nyeupe, ya ukubwa wa kiganja: mwanamke mrefu amesimama mbele ya pazia, amevaa gauni lenye ukosi mpana, mikono yote miwili imeshika mkoba mkubwa mbele yake, na uso wa mtu aliyeambiwa atabasamu wakati ameshachoka kusimama. Picha ya Mama na Kitinda haikuwepo. Hilo alilijua tangu utotoni, kama mtu anavyojua namba ya nyumba yao. Kaka alikuwa na yake, amebebwa mgongoni, imefifia lakini ipo. Dada alikuwa na yake, nusu ya kichwa imekatwa. Yeye hana.

Kwa sababu hiyo alitaka ukurasa huu uwashinde wote. Picha yenyewe ilikuwa ya kung'aa, chaki iliteleza juu yake kama maji juu ya mgongo wa bata. Akaipeleka kwa mama wa kopi, jirani na saluni, akaikuza na kuitoa kwenye karatasi ngumu isiyong'aa. Sasa gauni la Mama lilikuwa limekaa wazi mbele yake, la kijivu, pana, linasubiri rangi. Angelipaka kwa mkono wake. Angemvisha mama yake. Alichohitaji ni kujua rangi.

Akampigia Dada.

"Kijani," Dada alijibu kabla swali halijaisha.

"Kijani gani?"

"Cha majani machanga, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Gauni lile naliona kama ninavyokuona wewe."

"Tunaongea kwa simu, Dada."

"Unanielewa."

Alifanya kazi hiyo Jumapili nzima, na alifanya vizuri: akaanza na njano hafifu, akaifunika kwa kijani, akaongeza kijani kizito kwenye mikunjo na chini ya mkono. Akaipiga picha na kuituma kwenye kundi lao la simu. Dada alituma mioyo. Kaka hakutuma kitu, alipiga.

"Hilo gauni la nani?"

"La Mama."

"Mama wa nani? Gauni la Mama lilikuwa la njano. Njano ya kiini cha yai. Mimi ndiye niliyekuwa nalianua kambani mvua ikija."

"Dada anasema kijani."

"Dada alikuwa mtoto."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mkubwa!"

"Ulikuwa na miaka kumi, Kaka."

"Kumi ya zamani," Kaka alisema, akakata.

Kitinda akarudi kwa mama wa kopi. Njano, kama hujawahi kufanya kazi nayo, ni rangi isiyo na shukrani. Inaonyesha kila uchafu. Chembe ya kijani iliyokuwa imejificha chini ya ukucha wake ikatoka na kuchora mstari kwenye ukosi wa gauni. Alipoifuta, ukosi ukafutika na shingo ya Mama ikabaki inaelea. Akarudi tena kwa mama wa kopi. "Huyu mama yako," alisema yule mwanamke huku mashine ikinguruma, "naona ana nguo nyingi kuliko mimi." Siku nyingine Kitinda angecheka.

Ile ya njano ilipofika kwenye kundi, simu ya Dada iliingia mara moja, sauti imekauka. "Umemvisha Mama gauni la nani?"

Kuanzia hapo hakukuwa na amani. Dada alikula kiapo. Kaka alikula kiapo kikubwa zaidi. Dada alisema Kaka tangu utoto anajifanya anajua hata asiyoyajua. Kaka alisema Dada anachanganya Mama na jirani. Ujumbe wa sauti uliingia wakati Kitinda ameshika wanja kwenye jicho la mteja, ukaingia akiwa jikoni, ukaingia akiwa bafuni. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa nyasi zilikuwa karatasi, na mwenye karatasi alikuwa yeye. Mwishowe Kaka akatoa uamuzi kama mwenyekiti: achanganye, kijani chenye unjano ndani yake, kila mtu aone sehemu yake.

Alichanganya. Ikatoka rangi ya maji ya bwawa. Kwa mara ya kwanza wakubwa zake wakakubaliana kitu: kwamba ni mbaya.

"Basi nyie njooni mpake," Kitinda aliandika.

"Usikasirike," Dada alijibu kwa sauti, na sauti ilikuwa ya upole, ndiyo maana ilichoma. "Wewe huwezi kukumbuka, mdogo wangu, si kosa lako. Wewe paka tu tunachokuambia."

Kitinda alisikiliza ujumbe ule amesimama. Akausikiliza tena. Hakuna aliyemuuliza yeye anadhani nini, na ni kweli, angedhani nini? Wenzake walikuwa wanagombania gauni wakati yeye hakuwa na hata kifungo. Wao walikuwa na mama wa kubishania. Yeye alikuwa na vumbi la chaki mpaka ndani ya masikio, na amri. Alilisukuma boksi la chaki, hakukusudia kwa nguvu ile, likaanguka kutoka mezani na kumwagika. Chaki zikavunjika vipande vipande. Akaikanyaga ya zambarau alipotaka kuiokota, na sakafu ikapata mstari ambao mpaka leo haujatoka sawasawa.

Akaiweka picha ya Mama kwenye pochi, akaenda kwa Baba. Siri, siri gani? Siri ya watu watatu wasioelewana.

Baba alimkuta, au tuseme yeye alimkuta Baba, amepiga magoti chini ya sinki ya jikoni, kichwa kimeingia kabatini, anafunga bomba linalovuja kwa kipande cha mpira.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Nishikie tochi."

Akaishika tochi. Mwanga ukaangukia vidole vyake vilivyojaa chaki, na Baba akavitazama.

"Vidole vyako vimefanya nini?"

Hapo ndipo kila kitu kilipomtoka, bila mpangilio: albamu, themanini, chaki, kijani, njano, bwawa, Kaka, Dada. Alikuwa anaongea na mgongo wa baba yake, na mgongo ule ukaendelea na bomba mpaka alipomaliza. Kisha mzee akajitoa kabatini polepole, kiungo baada ya kiungo, akajifuta mikono, akavaa miwani, akaenda na picha mpaka dirishani.

"Hiyo albamu sijaisikia," alisema kwanza. "Kaka yako asije akaumia."

"Sawa, Baba. Gauni."

"Gauni." Akaisogeza picha mbali, akaileta karibu. "La kijani alikuwa nalo. La njano pia alikuwa nalo, nilimletea mimi kutoka safarini."

"Na hili ni lipi?"

"Hili si lake."

"Si lake vipi? Amelivaa."

"La mpiga picha. Zamani studio zilikuwa na nguo za kuazimisha watu. Makoti, tai, magauni. Mama yako siku ile hakuna nguo yake nzuri iliyokuwa inamtosha. Yule bwana akamtolea hili, nalo nyuma halikufunga vizuri, ikabidi alibane kwa pini." Uso wa mzee ukaanza kulegea pembeni ya mdomo. "Mama yako akasema, nguo ya kuazima haisitiri matako, hebu nisogezeni nyuma mpaka kwenye pazia. Tulicheka mpaka yule bwana akatukaripia kwamba tunamharibia picha. Na mkoba huo pia si wake. Aliuomba ili aweke mbele afiche tumbo. Alikuwa anaona haya."

"Tumbo gani?"

Baba akamtazama juu ya miwani. "Lako. Tumbo gani tena?"

Bomba lilikuwa linadondosha maji ndani ya ndoo. Kitinda aliichukua picha kutoka mkononi mwa baba yake. Alijua angetakiwa kufurahi, na furaha ilikuwepo mahali fulani, lakini kilichotangulia kufika ni hasira.

"Miaka yote hii," alisema. "Miaka yote nasema sina picha na Mama. Nimelisema mbele yako. Nimelisema siku ya harusi yangu, nikalia, na wewe ulikuwa umekaa pale."

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje, Baba?"

"Si upo kwenye picha?" mzee alisema kwa mshangao wa kweli kabisa. Kisha, alipoona jibu hilo halisaidii, akaongeza, "Na hukuuliza."

Kuna hasira ambayo haina pa kwenda. Huwezi kumgombeza mzee wa karibu miaka themanini kwa kosa la kudhani. Kitinda alimwonyesha picha tena. "Sawa. Rangi yake basi. Hili la kuazima lilikuwa rangi gani?"

Baba alitazama nje ya dirisha. "Sijui," alisema. "Siku ile sikuwa naangalia gauni." Akavua miwani, akapiga magoti tena. "Haya, nishikie tochi. Mpira unateleza."

Kwa mama wa kopi alirudi kwa mara ya mwisho, na nyumbani akaokota vipande vya chaki vilivyobaki. Gauni hakulipaka. Alilitazama mpaka macho yakamuuma, na sasa aliona kile ambacho wote watatu hawakukiona: chini ya mkoba, upande wa kushoto, mstari wa kitambaa haukuingia ndani kama unavyoingia kwa mwanamke mwembamba, ulitoka nje. Alikwangua kijivu na kahawia kidogo, akachovya kijiti cha pamba, akaanza kuweka kivuli chini ya mkoba, taratibu, ili tumbo lile liliposimama lionekane limesimama. Kila siku kazini alitumia kivuli kuficha: mashavu, kidevu, pua. Kufichua kwa kivuli hakujawahi. Akizidisha, Mama alionekana ameketi kwenye masizi. Akipunguza, hakikuonekana kitu. Alifuta na kurudia mpaka kijiti kikabaki mti mtupu. Mwishowe aliacha, si kwa sababu ilikuwa sawa, ila karatasi ilikuwa imeshaanza kumwonya. Akapuliza ile dawa, kidogo sana, akiwa amefumba jicho moja kwa woga. Matone yalitua kwenye pazia. Akayasamehe.

Siku yenyewe, nyumbani kwa Kaka, Baba alishangaa kama mwigizaji aliyelipwa vibaya. "Albamu!" alisema, kabla hajafungua karatasi iliyoifunika. Kaka alimtazama Kitinda, Kitinda akatazama dari. Lakini kwenye ukurasa wa lori mzee alisahau kuigiza. Alisimulia habari za lile lori mpaka chakula kikapoa, na kila aliposimulia alikuwa anagusa barabara, na kila alipogusa kidole kilitoka na rangi, na rangi ile akaipangusa kwenye suruali yake nyeupe. Kitinda alikuwa anakufa kidogo kidogo kwenye kiti chake.

Wakafika kwa Mama.

"Mbona hujapaka?" Kaka aliuliza. "Baada ya kelele zote zile?"

Kitinda akawaambia: studio, pini, mkoba, tumbo. Kaka akapiga paja. "La kuazima! Kumbe sisi tunauana kwa nguo ya watu!" Kwake ilikuwa hadithi tamu, akaenda kuirudia kwa wageni wa upande ule, kisha wa upande huu. Kila aliporudia, yeye ndiye aliyekuwa ameanza kushuku.

Dada hakucheka. Aliutazama ule ukurasa, akainuka, akaenda jikoni. Kitinda akamfuata, akamkuta anaosha glasi zilizokuwa tayari safi.

"Baba ulimuuliza ya nini?" Dada alisema bila kugeuka.

"Mlikuwa mnagombana. Mimi ndiye niliyekuwa napaka na kufuta."

"Tungegombana tu. Ingekuwa nini?" Aliweka glasi, akachukua nyingine. "Wewe umepata picha. Hongera, nasema kweli. Mimi nilikuwa na kitu kimoja. Nikifumba macho namwona Mama amesimama mlangoni na gauni la kijani, na ukosi ndio huo huo, na uso ndio huo huo wa pichani. Sasa kama gauni la pichani si la kijani, basi uso nimeutoa kwenye picha, na rangi nimeitoa sijui wapi. Kwa hiyo sikumbuki. Nilikuwa nadhani nakumbuka, kumbe natazama picha kama nyie wote."

Kitinda alikuwa amekuja na maneno yake ya kujitetea, yamepangwa. Yakamwishia. "Baba alisema la kijani alikuwa nalo."

"Alisema hivyo kunifurahisha."

"Hukuwepo, Dada. Nani wa kumfurahisha?"

Dada akazima bomba. "Kijani gani?"

"Sikumuuliza."

"Sasa unaona!" Dada alirusha kitambaa ndani ya sinki. "Unakwenda kuuliza kila kitu, kile kinachotakiwa unakiacha!"

Waliachana vibaya siku ile. Hawakutukanana, lakini Dada aliaga kila mtu kwa mkono na yeye kwa kichwa. Wiki ikapita kundi la simu limenyamaza, isipokuwa Kaka aliyetuma picha za keki.

Kisha alasiri moja Dada akatokea, begi la shule anayofundisha bado begani, akaketi mezani bila kuzunguka. "Zile chaki ziko wapi?"

"Zimevunjika."

"Si zinapaka?"

Kitinda akazileta kwenye bakuli. Dada hakutaka picha, alitaka karatasi tupu. "Nitengenezee ile rangi," alisema. "Sitaki kukuelezea, nikikuelezea nitaharibu. Nikiiona nitaijua."

Akakwangua kijani, akasugua kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Siyo."

Akaongeza njano.

"Siyo. Hiyo ya ukuta wa zahanati."

Akaongeza buluu.

"Sasa huyo ni kasuku."

"Dada, chaki za kijani ninazo mbili tu hapa, na moja umeikalia."

Dada akainuka, akaitoa chini yake, sketi yake imeshapata alama. Hakujali. Meza ikajaa karatasi, kijani juu ya kijani, na kila kimoja kilikuwa na kosa lake: hiki kimezeeka, hiki kigonjwa, hiki cha mjini. Mume wa Kitinda alichungulia mlangoni, akapima hali ya hewa, akarudi alikotoka. Kitinda alihisi mkono unamuuma mpaka begani, na hasira ile ya siku zote ikimpanda tena, ya kufanya kazi kwa macho ya mtu mwingine. Kuna kimoja Dada alikichukua mpaka dirishani, akakunja shingo upande, akakisogeza mbali, akakileta karibu.

"Karibu," Dada alisema.

"Kimezidi nini? Kimepungua nini?"

"Sijui. Ningejua si ningekuambia?"

"Basi hatutafika, Dada. Kwa mtindo huu hatutafika."

"Leta," Dada akasema, akamnyang'anya pamba. Akaichovya moja kwa moja kwenye vumbi, nyingi mno, akaanza kusugua kwa nguvu kama anayefuta ubao wa darasani, kinyume na ukingo, kinyume na kila kanuni, akiacha michirizi, akipiga chafya, machozi yamemjaa na vumbi limemjaa. Kitinda alifungua mdomo amwambie, polepole, unachana karatasi. Akaufunga. Akamsogezea kipande cha njano.